Kanda Iliyokatikia Njiani

Katika nchi ya majani chai, kutoka Kericho hadi Sotik na kuteremkia Bomet, pana madhehebu yasiyo na kanisa wala kasisi, nayo ni madhehebu ya wampendao Jim Reeves. Mgeni aingiapo hotelini Silibwet asubuhi yenye ukungu, akaagiza chai ya maziwa na mandazi, kisha akasikia sauti ya taratibu ya Mmarekani aliyekufa zamani ikimsimulia habari za mapenzi yaliyovunjika, hudhani kwamba redio imekwama kwenye miaka ya sitini na hapana fundi wa kuikwamua. Walakini wenyeji, ambao huitikia kila ubeti kwa kutikisa kichwa huku wakipuliza chai, wanajua kwamba hapo ndipo redio ifanyapo kazi iliyonunuliwa kwayo.

Mimi ni mzaliwa wa pwani, niliyelelewa kwa taarabu na kuletwa huku na kazi ya ualimu, na mambo haya niliyapokea kwanza kwa mshangao, kisha kwa ustahimilivu, mpaka nikajikuta nimealikwa kwenye baraza la mashabiki wenyewe, si kwa ajili ya elimu yangu ya muziki, ambayo ni haba, bali kwa kuwa wazee walihitaji mtu asiye na upande, wala shamba, wala shemeji katika mtaa ule, atakayeamua kwa insafu ni ipi albamu bora kupita zote za marehemu.

Nilidhani kesi itakuwa nyepesi. Marehemu alikufa tarehe 31 Julai 1964, ndege yake ndogo aliyoiendesha mwenyewe ilipoanguka katika dhoruba karibu na mji wa Nashville, na akilini mwangu mtu aliyekufa ana idadi ya albamu isiyoongezeka. Kumbe sivyo. Kampuni yake ya santuri ilikuwa na akiba ya sauti yake, ikaendelea kuitoa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, hata wimbo wake wa "Distant Drums" ukashika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya maziko. Watu wengi walio hai, mimi nikiwamo, hatujafanya kazi nusu ya hiyo.

Lakini hata hilo halikuwa tatizo lenyewe. Tatizo lilidhihiri pale wadai walipoweka ushahidi mezani, kwa maana hapana hata mmoja aliyekuja na albamu. Kila mtu alikuja na kanda. Katika zama zao, mtu aliyepata bonasi ya majani chai aliingia dukani mjini kwa kijana mwenye mashine ya kunakili, akamkabidhi kanda tupu ya dakika sitini na kumwambia, "Nijazie Jim Reeves," na yule kijana akajaza kwa kadiri alivyojaliwa, wimbo huu kutoka santuri hii na ule kutoka santuri ile, hadi upande wa kwanza ukaisha. Na ulipoisha uliisha, hata kama marehemu alikuwa katikati ya neno. Hivyo basi kila mzee alikuwa ameipenda kwa dhati, maisha yake yote, albamu ambayo duniani kote anayo yeye peke yake, na alikuwa amekuja kuitetea mbele ya watu wasiopata kuisikia.

Mdai wa kwanza alikuwa karani mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na koti lisilofunguliwa vifungo hata jikoni. Kanda yake, upande wa kwanza, hukatika pale mwimbaji anapomsihi mwanamke katika simu, kabla jibu halijajulikana. Karani hakuona hapo pengo. Kwa miaka mingi alikuwa amewafafanulia watu kwamba marehemu, kwa hekima yake, aliacha kusema kwa makusudi, maana mwanamke akishapigiwa simu usiku, yaliyobaki hayaimbiki. Hata kwa mluzi aliupiga wimbo ule mpaka hapo tu, akafunga kinywa kwa adabu. Kijana mmoja alipoutoa wimbo mzima katika simu yake ya mkononi, karani alisikiliza ile sehemu ngeni kwa uso wa mtu aliyeletewa bili isiyo yake, kisha akatoa hukumu: "Hiyo wameiongeza alipokufa."

Nilitaka kucheka, ila nilizuiwa na jambo moja, kwamba hoja yake ina mizizi. Ule wimbo wa "Distant Drums" marehemu aliurekodi kama jaribio tu, na vyombo vya okestra viliongezwa baada ya kifo chake. Maadamu kampuni iliweza kumwongezea maiti fidla, kwa nini isimwongezee beti?

Kinyozi, aliyekuwa mdai wa pili, alileta kanda ambayo mtoto wake aliwahi kuibonyeza vibaya, na katikati ya wimbo wa mahaba likaingia tangazo la kifo kutoka redio ya taifa, lenye jina la marehemu, ukoo, na basi litakalobeba waombolezaji. Tangazo lile alikuwa ameliishi mno, hata popote asikiapo wimbo huo, harusini au ndani ya matatu, akifika mahali pale husema "Pole" bila kujijua. Wateja wake wamezoea. Wengine husema naye.

Wa tatu alikuwa mzee wa shamba la wimbi upande wa Longisa, tuliyemwita boiyot kwa heshima ya umri wake. Kanda yake haikuwa na kasha. Ilikuwa imezungushwa kwenye kijiti. Alieleza bila haya kwamba mkewe, alipoona ndege wanamaliza mavuno, alikuwa ameutoa utepe wote na kuutandika juu ya shamba kutoka mti hadi mti, ung'ae na kuvuma kwa upepo, na ndege wakakimbia. Naye akangoja mavuno yaishe, akazunguka shamba lote akimkunja Jim Reeves kijitini taratibu asimkate. Alikiri kwamba sasa sauti inapanda na kushuka. "Lakini," akasema, "amenyeshewa mvua yangu." Hoja hii, kisheria, sikupata pa kuiweka.

Hapo ndipo alipoingia mpwa wa karani, aliyekuja likizo kutoka Manchester, amevaa fulana nyeusi yenye mistari myeupe iliyopandana kifuani kama safu za vilima. Boiyot aliinama, akaifuata mistari kwa kidole kimoja baada ya kingine, akasema kwa bashasha kwamba anavitambua, ni vilima vya kutoka Litein kuja Kapkatet, ila fundi amesahau majani chai. Kijana akaeleza kwa taadhima kwamba hayo ni mawimbi ya redio yatokayo katika nyota, yaliyochapwa juu ya jalada la "Unknown Pleasures", albamu ya kwanza ya bendi iitwayo Joy Division, ya mwaka 1979. Kwamba bendi hiyo ilitunga albamu mbili tu. Kwamba ya pili, "Closer", ilitoka Julai 1980, miezi miwili baada ya kufariki mwimbaji wao Ian Curtis akiwa na umri wa miaka 23. Na kwamba huko Manchester yeye na wenzake hukesha wakibishana ni ipi bora.

"Kati ya mbili?" akauliza karani.

"Kati ya mbili, mjomba."

Kimya kikaingia. Wazee walitazamana kwa huruma, kama wanavyotazamana wakisikia mtu ana ng'ombe wawili na bado analala na fimbo. Kijana aliongeza kwamba waliobaki walibadili jina wakajiita New Order, na hili liliwaudhi kuliko yote, kwa sababu, kama alivyosema kinyozi, mtu akifa jina lake hupewa mtoto ili asipotee, na hawa wamelitupa wapi? Ikabidi simu itolewe. Boiyot alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, macho kafumba, ile sauti nzito ikitetema juu ya ngoma, kisha akauliza kwa upole, "Huyu kijana alikuwa amekula?"

Huenda tungefikia hukumu siku hiyo, lau bibi mzee tuliyemwita Kogo, aliyekuwa akiuza maziwa ya mursik pembeni, hangetuharibia msingi wa kesi. Alisema kwamba sisi sote ni watoto, kwa kuwa kabla ya Jim huyu palikuwa na Jimmie mwingine, na wasichana wa enzi za mama yake walikwisha kumwimba. Naye alisema kweli. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawakuta Wakipsigis wanazo nyimbo za kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa, na kumbe alikuwa Jimmie Rodgers, brekimani wa reli huko Mississippi, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huku kwa gramafoni za wageni. Katika rekodi mashuhuri kupita zote, Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wanamwalika acheze, aruke kwa nguvu hata nguo zimvuke. Hilo la nguo Kogo alilieleza kwa kirefu, na karani akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

Ili kuokoa heshima ya baraza, niliamuru ushahidi usikilizwe, kuanzia kanda ya karani. Mwenye hoteli aliitia mashinani, stima ikapotea, ikarudi, na iliporudi mashine ikawa imeamka na njaa, ikautafuna utepe mbele ya macho yetu, ikitoa sauti ya mbuzi. Tuliuchomoa kwa ncha za vidole, tukautia biro na kuukunja, palipokatika tukapaunga kwa selotepu, na kipande kilichoharibika kikatupwa chini ya meza, naye karani wakati wote huo hakusema neno, ila alishika kalamu zake mbili kwa mkono mmoja.

Tukabonyeza tena. Marehemu akaimba, akakaribia ile simu, akavuta pumzi, na akanyamaza mapema zaidi kuliko alivyopata kunyamaza tangu kanda ile inunuliwe. Karani alikaa akitafakari, kisha uso ukamkunjuka.

"Nilikuwa nikihisi siku zote," akasema, "kwamba yale maneno ya mwisho yalizidi."

"Pole," akasema kinyozi.