Shikamoo In, On na At

Shikamoo in. Shikamoo on. Shikamoo at. Nawaamkia wote watatu kwa mpigo, maana sijawahi kujua nani mkubwa.

Nimekulia Kumsenga, wilaya ya Kibondo, nikasoma miaka saba kwa Kiswahili na kufaulu bila msaada wenu. Naingia kidato cha kwanza, nawakuta mmeshajazana kwenye kila sentensi ya Kiingereza, wadogo kama viroboto na mnauma vilevile.

Kazi zenu kwetu alikuwa akizifanya -ni peke yake, tena bila kulalamika. Niko shambani, naenda shambani, natoka shambani: yeye habadiliki, njia anaijua kitenzi. Waha wa kwetu ndio waliozidi, wakaishona kazi hiyo kwenye majina ya vijiji kabisa: Kumsenga, Kumwambu, Kumhasha. Hiyo Ku- ya mwanzo ni ndugu yenu, amekaa mlangoni tangu enzi. Kwa hiyo anayeandika in Kumsenga ameitia nyumba moja milango miwili. Ndivyo tulivyofundishwa, na tukawekewa vema.

Ila nani angetufunza unyenyekevu kama si nyinyi? Mnasema abiria wa basi la Kasulu yuko on, na huku kabanwa humo ndani mpaka kiwiko cha jirani kimeingia mbavuni. Akishuka akapanda Noah, ghafla yuko in. Niliwahi kusafiri juu ya magunia ya maharage kwenye Fuso, nimeshikilia kamba, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Siku hiyo tu on alinena kweli.

Na binamu yenu by nisimsahau. Kiswahili kina na moja ya shughuli zote: amekuja na kaka, amepigwa na kaka, ameolewa na kaka. Nami kwenye insha ya harusi nikaandika kwa mbwembwe kwamba shemeji yangu was married by my brother. Mwalimu akasoma kwa sauti, akauliza kaka yangu anatumikia parokia gani. Darasa zima likacheka, wengi wao bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Pamoja na sifa zote hizi, kuna mahali mnazidiwa. Kambi ya Nduta hapa Kibondo na ya Nyarugusu kule Kasulu zimepokea watu waliokimbia Burundi na Kongo, wakakimbilia kwetu. Sikilizeni hapo: kukimbia, kukimbilia. Herufi mbili tu zimechomekwa katikati, na mtu aliyekuwa anaiacha nyumba yake sasa ana anakokwenda. Nyinyi hapo hamtoshi, mpaka aitwe from, aitwe na to.

Siku hizi kalamu nyekundu ninayo mimi. Juzi nasahihisha madaftari, swali ni unaishi wapi, mtoto mmoja kajibu: I live in on at Kumsenga. Nikamwita. Akasimama mikono nyuma, akasema, “Mwalimu, nimekuwekea zote. Wewe kata zisizofaa.”

Nikakata on bila kusita. Zikabaki mbili. Nikaziangalia mpaka chai ikapoa, mwishowe nikabeba daftari hadi meza ya mwalimu mwenzangu. Akalisoma, akavua miwani, akaniuliza kama huyo mtoto anakusudia Kumsenga kijiji au Kumsenga kata.