Wazee wa Pancha: Nane wa Fantasi, Kutoka wa Kukimbia Hadi wa Kukumbatia

Kila mwezi wa nane mambo ni yale yale. Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza inaanza, unapewa pauni milioni 100 za hewani, unaambiwa nunua watu 15. Katika pilikapilika za kutafuta mshambuliaji wa bei nafuu, macho yanatua kwa mzee mmoja. Miaka 32. Goti limeshapasuliwa. Nyama za paja zinafahamika kwa kila daktari wa viungo kuanzia London hadi Barcelona. Lakini juzi kwenye mechi ya maandalizi katupia mawili, na moyo unakunong'oneza: mwaka huu yuko fiti.

Hao ndio tunaowazungumzia leo. Masharti ya kuingia ni matatu: awe alishafika miaka 30 alipotutesa (au alipotubariki), awe na faili nene kwa daktari, na awe amewahi kumwamsha mtu mwenye akili timamu saa nane usiku kwenda kuangalia kama bendera yake ya majeruhi imegeuka kutoka njano kuwa nyekundu. Ukiona mzee wako hayumo, subiri. Goti lina ratiba yake.

8. Sergio Agüero, Manchester City, 2020/21

Tuanzie ugonjwa ulipotoka. Oktoba 3, 2015, City dhidi ya Newcastle, Agüero alifunga bao tano ndani ya dakika 20, kisha dakika ya 66 akatolewa akapumzike. Bao tano za mshambuliaji ni pointi 20, ongeza 2 za kuvuka dakika 60, hizo ni 22 kabla ya bonasi. Aliyempa kitambaa cha unahodha alizipata mara mbili. Mtu akishaonja 44 kwa mchezaji mmoja, hatibiki tena.

Ndiyo maana miaka mitano baadaye, Agüero ana 32 na ametoka kupasuliwa goti, bado watu walimtengea mamilioni na kumsubiri. Mavuno ya msimu mzima: mechi 12 za ligi, bao 4. Mbili kati ya hizo alizifunga siku ya mwisho dhidi ya Everton, akitokea benchi, wakati waliomvumilia tangu vuli walishamuuza kitambo. Aliaga Etihad kwa heshima zote. Sisi hatukuagwa.

7. Callum Wilson, Newcastle

Septemba 2015, akiwa Bournemouth, zilikatika ligamenti za goti moja. Mapema 2017 zikakatika za goti la pili. Angalau hakupendelea upande.

Tatizo la Wilson ni kwamba akiwa mzima anafunga kweli. Msimu wa 2022/23 alifikisha bao 18 za ligi Newcastle ikirudi Ligi ya Mabingwa, na mechi nyingi alikuwa akipokezana na Alexander Isak. Msimu wa 2024/25 akacheza mechi 18 za ligi na hakufunga hata moja. Kumi na nane na kumi na nane: msimu mmoja ni bao, mwingine ni mechi tupu.

Huyu ndiye anayekula uhamisho wako. Unamwingiza, anashika paja. Unamtoa, anarudi na kufunga mawili. Unamrudisha kwa kukatwa pointi 4 kwa sababu uhamisho wa bure umekwisha, anashika paja lile jingine. Ukipiga hesabu, mwenye Wilson hushindana na watu wawili: wapinzani wake wa kundi, na Wilson.

6. Edinson Cavani, Manchester United

Novemba 29, 2020, Southampton wanaongoza 2-0 mapumziko. Anaingia mzee wa miaka 33 mwenye nywele za mpiga gitaa. Anamtengea Bruno Fernandes bao la kwanza, anafunga la pili, na dakika za lala salama anafunga la tatu. Dakika 45, pointi 12 kabla ya bonasi. Na kwa kuwa alianzia benchi la United, wengi waliokuwa naye walikuwa wamemwanzisha benchi na wao, wakakaa sebuleni wakimtazama akizifunga zisihesabike.

Alimaliza msimu ule na bao 10 za ligi. Majira ya joto yaliyofuata akarudi Cristiano Ronaldo, Cavani akaachia jezi namba 7, na msimu wa 2021/22 akafunga bao 2 tu za ligi katikati ya msururu wa majeraha. Somo la Cavani ni fupi: mzee anayesifiwa kwa "kazi kubwa aliyoifanya akitokea benchi" ni mali ya kocha wake. Si yako.

5. Kevin De Bruyne, Manchester City, 2023/24

Hapa tuketi kidogo.

Juni 2023 alitoka nje ya fainali ya Ligi ya Mabingwa kipindi cha kwanza, nyama za paja. Agosti 11, ikiwa mechi ya kwanza kabisa ya msimu mpya, Ijumaa usiku pale Burnley, alicheza dakika 23 akatoka kwa nyama zilezile. Dakika 23 ni pointi 1. Msimu haujafikisha hata nusu saa na tayari una shimo kwenye kiungo. Akapasuliwa, akapotea hadi Januari.

Januari 13, 2024, uwanja wa Newcastle, City wako nyuma 2-1. Anaingia dakika ya 69, dakika ya 74 anasawazisha kwa shuti la chini pembeni mwa nguzo, na muda wa nyongeza anampigia Oscar Bobb mpira wa juu ambao ungeweza kutua kwenye kisahani cha chai. 3-2. Kiungo akifunga ni pointi 5, pasi ya bao ni 3, kucheza chini ya dakika 60 ni 1. Tisa kabla ya bonasi kwa dakika ishirini na ushee. Nchi nzima ya Fantasi ikamkimbilia.

Na hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote katika biashara ya wazee. Wengi wanaogopa mzee akikosa mechi. Akikosa mechi ni sawa kabisa! Kanuni inasema mchezaji wako asipokanyaga uwanja hata dakika moja, wa benchi lako anapanda kuchukua nafasi yake. Nahodha asipocheza, nahodha msaidizi anavaa kitambaa. Mzee aliyeko hospitalini ni mzee mwema. Hatari ni yule aliyepona nusu. Kocha anamwingiza dakika ya 84 "apate dakika za mechi", anapiga pasi nne za pembeni, anakuletea pointi 1 na kufunga mlango wa benchi kwa kufuli. Beki wako wa pauni milioni 4 aliyefunga kwa kichwa anabaki benchi na pointi zake 14, anakutazama.

Na huwezi kuona kinachokuja. Dirisha la kubadili kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Jumamosi yenye mechi ya mapema, kwetu hiyo ni saa saba mchana, au saa nane Uingereza ikiwa kwenye baridi. Vikosi vinatangazwa baadaye. Kwa hiyo unapobonyeza kuthibitisha, unachokijua ni maneno ya Pep Guardiola, kocha wa City msimu ule, kwenye mkutano wa Ijumaa, ambayo kwa kawaida ni "anaendelea vizuri sana, sana". Pep akisema "sana" mara mbili, andaa nahodha msaidizi.

De Bruyne alimaliza msimu na mechi 18, bao 4 na pasi 10 za bao. Kwa kila mechi aliyocheza, hizo ni takwimu za mfalme. Ila Fantasi hailipi kwa mechi alizocheza. Inalipa kwa raundi 38 ulizomlipia nafasi. Ndiyo maana yuko katikati ya orodha, hata kama ndiye mchezaji bora kuliko wote waliomo humu.

4. Jamie Vardy, Leicester

Mtu aliyekiri kunywa Red Bull siku za mechi na asiyependa kunyanyua vyuma ndiye aliyechukua kiatu cha dhahabu 2019/20 akiwa na miaka 33, bao 23, mzee kuliko mfungaji bora yeyote aliyemtangulia Ligi Kuu. Wataalamu wa lishe waliomba likizo.

Siri haikuwa kwenye kopo. Agosti 2018 Vardy alijiweka pembeni timu ya taifa. Wenzake walipokwenda kuchezea nchi zao na kurudi wanachechemea, yeye alikuwa nyumbani miguu juu. Unaponunua mzee, swali la "anaitwa taifa?" lina uzito kuliko "ana miaka mingapi?".

Mwili nao ulidai deni lake hatimaye. Msimu wa 2021/22 paja na goti vilimwachia mechi 25 tu za ligi, na humo akafunga 15. Kwa mwenye benchi zuri, hiyo ni neema. Kwa mwenye benchi la watoto wa pauni milioni 4 wasiojulikana hata na makocha wao, ni mateso.

3. Michail Antonio, West Ham

Julai 11, 2020, Norwich 0, Antonio 4. Timu yake ilikuwepo pia. Alikuwa na miaka 30, nyama za paja zenye historia ndefu, na West Ham walishamhamishia mbele kuwa mshambuliaji wakati mchezo ulikuwa bado umemsajili kama kiungo. Kwa hiyo kila bao lilikuwa pointi 5 badala ya 4, na juu yake pointi ya timu kutofungwa ambayo washambuliaji hawaipati. Jumla, ukiongeza za dakika na bonasi, 26. Mzee aliyeandikwa nafasi isiyo yake ni dhahabu kuliko kijana aliyeandikwa sahihi. Kila Agosti, kabla hujatazama bei, tazama nafasi.

Msimu uliofuata wakamsahihisha, akawa mshambuliaji. Lakini Agosti 2021 akaanza tena kwa moto, akampita Paolo Di Canio kuwa mfungaji bora wa West Ham katika historia ya Ligi Kuu, na kushangilia akabeba sanamu lake mwenyewe la kadibodi akaliinua juu. Tulipaswa kulinunua lile. Kadibodi halina nyama za paja.

(Antonio na Wilson, kwa taarifa yako, waliendesha podikasti pamoja BBC. Tulidhani tunasikiliza mpira, kumbe wodi.)

2. Danny Welbeck, Brighton, 2024/25

Februari 14, 2016, Arsenal na Leicester ziko 1-1, dakika ya 95. Welbeck wa Arsenal, aliyekuwa hajacheza tangu Aprili ya mwaka uliotangulia kwa sababu ya goti, anapiga kichwa na Emirates inalipuka. Siku ya wapendanao kamili. Miezi michache baadaye goti likamrudisha kitandani, na Novemba 2018 kifundo cha mguu kikavunjika. Ungemuuliza yeyote mwaka ule, angekwambia kijana amekwisha.

Msimu wa 2024/25, akiwa na miaka 34, alifunga bao 10 za Ligi Kuu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufikisha idadi hiyo kwenye ligi hiyo. Hakuna aliyemwota, hakuna aliyempa kitambaa, bei ilikuwa ya mshambuliaji wa tatu, na ndiyo kazi hasa anayopaswa kupewa mzee: nafasi ya tatu mbele, pembeni ya matajiri wawili, akikosa hulii, akifunga unapiga kelele kundini kama ulijua.

1. Chris Wood, Nottingham Forest, 2024/25

Januari 2022 Newcastle walimnunua Wood kwa sababu mfungaji wao alikuwa majeruhi. Mfungaji huyo alikuwa nani? Namba 7 wa orodha hii. Yaani mzee wa pancha aliletwa kuziba pancha. Mwaka mmoja baadaye wakampeleka Forest, naye akamaliza msimu wa 2022/23 nje kwa jeraha la paja. Desemba 26, 2023, akarudi uwanja wa Newcastle na kuwafunga hat-trick. Boxing Day ya kulipiza kisasi.

Fantasi haikuzingatia. Agosti 2024 walimtundika kwa pauni milioni 6, Mkiwi wa miaka 32, mrefu, mzito, wa timu iliyonusurika kushuka. Bao 20 za ligi. Hat-trick kwenye 7-0 dhidi ya Brighton. Na penalti zilikuwa zake, jambo ambalo kwa mshambuliaji mwenye magoti yaliyochoka ni pensheni: hatua chache, mpira umetengwa, hakuna wa kumkanyaga.

Angalia pia pesa. Mchezaji akipanda bei, mchezo unakulipa nusu tu ya faida: ikipanda 0.2, ukiuza unapata 0.1. Kwa hiyo waliomtoa Wood kwa ujanja wa "Forest watashuka tu" walipoamua kumrudisha walilipa bei nzima ya sokoni na ile faida ya mwanzo ikameguka. Wengine hadi Mei walikuwa bado wanaandika kundini kwamba hawezi kuendelea hivi, ana miaka 33 sasa.