Gego Langu na Taifa Stars

Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars waliichapa Uganda mabao 3-0 pale Uwanja wa Taifa, tukafuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu ile ya Lagos ya 1980. Miaka 39! Mtaani kwetu sufuria ziligongwa mpaka zikabonyea, na yule mwenye duka ambaye hajawahi kunikopesha hata kiberiti alikuwa anagawa soda. Mimi nilikuwa kitandani, kichwa nimekifunga kanga ya mke wangu, gego limenivimbisha shavu zima. Kila honi ya bodaboda ilipita ndani ya jino kwanza ndipo ifike sikioni.

"Baba Zuhura, toka nje, watu watasema huipendi nchi."

Nikamwonyesha shavu.

"Toka hivyohivyo. Watadhani umejaza soda."

Jino likapona Juni. Juni hiyohiyo Stars wakaenda Misri, wakafungwa mechi zote tatu. Asubuhi baada ya ile ya Kenya nilikatiza mtaa nikitabasamu kwa raha ya kutafuna chapati upande wa kulia, nikaulizwa kwa ukali kama mimi ni Mkenya.

Ndivyo tulivyo. Mimi na nchi yangu hatujawahi kununa siku moja.

Baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Mikanda ikasahau kufunguka. Sabuni foleni, sukari foleni. Wazee wakiikumbuka miaka ile hutikisa vichwa. Mimi sijawahi kucheka kama wakati ule. Mama alikuwa akiweka jiwe kwenye foleni ya duka kushika nafasi, kisha ananiweka mimi nilinde jiwe. Tangu alfajiri nacheza gololi na walinzi wenzangu wa mawe, na sukari isipofika, ndiyo heri, kesho tunarudi.

Akaja Mzee Mwinyi 1985. Ruksa! Mitumba ikafurika, nchi ikapumua, nami nikabalehe. Chunusi uso mzima, na binti niliyekuwa nikimbebea ndoo akaenda kwa kijana mwenye suruali ya jinzi. Enzi za Mkapa watu walipokosa pesa waliita "ukapa", wakacheka. Walikuwa wanatania. Mimi huo ukapa nilikuwa nao.

Halafu vyuma vikakaza. Kila kijiwe ni kilio, na 2017 Ripoti ya Furaha Duniani ikatupanga nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Wale huwauliza watu wanajiona wamesimama daraja la ngapi kwenye ngazi ya 0 hadi 10. Naapa hawakufika kwangu! Miaka ile ndugu, majirani na shemeji zangu wote walikata tamaa ya kunikopa, simu ikakaa kimya wiki nzima. Wangenihoji mimi tungepanda mpaka 140.

Lakini lililonitesa ni la Machi 2021. Usiku wa tarehe 17 ilipotangazwa kwamba Rais Magufuli amefariki, nililia kweli, na aliyenibembeleza ni Mama Zuhura. Kulipokucha, mdeni wangu wa miaka saba, ambaye akiniona huingia hata choo cha jirani, alinifuata mwenyewe na bahasha. Nadhani msiba ulimkumbusha kaburi. Umewahi kuhesabu laki nne huku umekunja uso, redio inapiga nyimbo za maombolezo? Unakosea. Nilihesabu mara tatu, nikashika kinywa nisipige kigelegele cha kike. Jirani akaniona navyotetemeka mabega, akanishika: "Jikaze, mzee. Sote tumeumia." Nikajikaza. Bahasha nikaisukuma mfukoni.

Sasa tunasubiri AFCON ya 2027, tutakayoiandaa sisi na Wakenya na Waganda. Vijana wameshaanza kuhesabu, na mwenye duka safari hii anasema atachinja mbuzi.

Juzi wakati wa chakula Mama Zuhura aliweka kijiko chini, akanitazama kwa muda.

"Baba Zuhura, mbona leo unatafunia upande wa kushoto?"