Shikamoo Haina Spidi

Saa ya kukimbilia na shikamoo havikai nyumba moja. Anayebisha hajakimbia Mtwara. Ukitoka Shangani alfajiri, kabla hujaifikia barabara kuu umeshakutana na mzee atokaye msikitini, mama wa vitumbua na mlinzi anayemsubiri mwenzake wa zamu. Kila mmoja ana haki yake. Mzee hasalimiwi mbiombio: ukimrushia shikamoo huku unapita, marahaba itakukuta mgongoni, na habari ya kiburi chako itafika nyumbani kabla yako. Ukisimama ukamsalimu ulivyofundwa, atauliza habari za nyumbani, za kazi, za mama, kisha bei ya korosho msimu huu, kana kwamba wewe ndiye unayeipanga. Simu mfukoni nayo inaandika: kilomita ya kwanza, dakika 19.

Simu yenyewe haikuwa na adabu. Programu ya mazoezi ilikuwa ikitangaza kasi yangu kwa sauti ya kike, kwa Kiingereza, kila kilomita ikitimia. Kule Mikindani ikatimia mbele ya turubai la msiba. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo na kuinamisha kichwa kama inavyopasa, dada wa simu akapaza sauti kunipongeza. Wanaume wote mikekani wakageuka. Hapo hakuna kupita tena. Nilivua viatu nikakaa. Msamaria mmoja akanipa kikoi nifunike magoti, nikanywa kahawa, nikatoa rambirambi kwa noti niliyoiweka kwa ajili ya maji, nikabaki hadi maziko.

Nilirudi kwa bodaboda, na simu ikaendelea kuhesabu. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32.16. Mimi, kwa mujibu wa simu, nilimwacha mbali mahali fulani kati ya Mikindani na mjini, nikiwa nimekaa kitako, nimevaa kikoi cha watu. Programu ikanitunukia nishani. Nikaifuta programu yenyewe jioni ileile.

Wenye kuhitaji saa wapo. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, kwake sekunde ni mali. Mimi nikichelewa robo saa, hata chai haijapoa.

Siku hizi nafuata maji. Nikipata nafasi naenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Maji yakipwa, mchanga hukaza hata gari likapita. Yakijaa, unabaki na ule mchanga wa juu unaomeza miguu. Na kwa kuwa kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50, ratiba haishikiki, na mimi nimefurahi kuiacha. Raha yenyewe siwezi kuipima. Nakimbia hadi mnazi fulani, nikiona bado nautaka mwingine, naenda. Kaa akipita mbele yangu nasimama kumtazama. Pumzi ikikata natembea, na hakuna mtu mfukoni wa kunisema.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hukauka mbali kabisa, na akina mama huingia miambani kuchokoa pweza. Ndipo nilipomkuta bibi mmoja akirudi, ndoo kichwani, kijiti mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Wakimbilia wapi?”

“Popote tu, bibi.”

“Wafukuzwa?”

“Hapana.”

“Kuna akungojaye huko?”

“Hakuna.”

Akatua ndoo. “Basi kama huna uendako, nibebee hii.”

Pweza ni mzito kuliko anavyoonekana, na maji yake ya chumvi hupenda kuteremka shingoni. Bibi alitangulia, kanga kaifunga kiunoni, hatua fupifupi ambazo sikuzifikia hata kwa kukimbia. Kila mara aligeuka, akatazama maji yaliyoanza kupanda, kisha akanitazama mimi. Tulipofika kijijini nilitua ndoo nikihema kwa mdomo wazi, nikingoja asante.

“Mjukuu wa jirani yangu,” akasema, “huifikisha maji hayajagusa mikoko.”