Sifa Zake Mheshimiwa Mtetemo

Waswahili hatuna uchoyo wa sifa. Tumesifu mnazi mpaka makumbi yake, tumesifu majahazi, tumesifu maharusi, na kila baada ya miaka mitano tunasifu watu ambao hata hawafanani na picha zao za kwenye mabango. Lakini yupo mmoja tunayesafiri naye barabara kuu zote, hana mpambe, hana hata ubeti mmoja, na akitajwa hutajwa kwa kusonya. Ni Mtetemo, yule anayeanza kulitikisa gari spidi ikikaribia 90. Leo nimejitolea kuwa mpambe wake, bila kutuzwa.

Kwanza tazama hadhi yake. Huyu si mtu wa foleni. Humwoni Ubungo wala Mwenge, na kwenye mashimo ya mtaani hajishughulishi; huko amewaachia shokapu na bushi. Yeye anataka lami iliyonyooka. Umeshaipita Chalinze, unaelekea Segera, barabara imefunguka, umeanza kuamini kuwa gari ulilouziwa si baya sana, ndipo anapobisha hodi. Kwenye 85 usukani unakuwasha viganja. Kwenye 95 chupa ya maji inacheza mlangoni na abiria wa mbele ameacha kuongea. Ukithubutu kufika 115, ametulia, kimya, hayupo. Wenye husuda humwita kigeugeu kwa tabia hiyo. Hawamjui. Katika magari yetu haya, yaliyotufikia kutoka Japani yakiwa yameshatumikia wengine, hakuna kinachotunza ratiba kama yeye.

Na ratiba yake ina hesabu. Chukua tairi ya 195/65R15, saizi iliyo kwenye magari mengi madogo. Mzingo wake ni karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa inazunguka kama mara 14 kila sekunde. Sasa tuseme kile kipande cha risasi cha kubalansi kilichobanwa ukingoni mwa rimu kimechomoka, gramu 30 tu, uzito ambao sonara angeuhangaikia lakini wewe ukiushika hushtuki. Kwa mzunguko huo, upande uliobaki mzito unavutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 4 na nusu, na mvuto wenyewe unazunguka pamoja na tairi: juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kabla hujamaliza kupepesa jicho mara mbili. Punguza mwendo hadi 50, nguvu hiyo inashuka mpaka robo, kwa kuwa inapanda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana mjini hamfahamiani.

Lakini kama nguvu inapanda tu, mbona kwenye 115 anapoa? Tairi, habu na vyote vilivyofungwa navyo vimekaa kati ya springi na mpira, navyo vina mdundo wao wa asili, mara nyingi kati ya 10 na 15 kwa sekunde. Mzunguko wa tairi ukiangukia humo, wawili hao huitikiana kama ngoma za mdundiko, na gari zima linaingia uwanjani. Ukizidisha mwendo wanapishana, vurugu inapungua. Dereva anayejitibu kwa kukanyaga zaidi kwa hiyo hajapona. Zile kilo 4 na nusu zimekuwa 6, zinaendelea kuipiga beringi. Kilichokoma ni kumwambia tu.

Sifa yake kuu, ambayo baadhi ya mafundi wangependa nisiitaje, ni kwamba hasemi uongo. Akishika usukani, mtafute kwenye tairi za mbele. Akiuacha usukani umetulia na kupita chini ya makalio yako, yuko nyuma. Huhitaji kompyuta kwa hilo, unahitaji makalio yaliyo makini. Akikungoja mpaka ukanyage breki ndipo aje, unene wa diski umeshapishana, zinataka kuchongwa au kubadilishwa. Akija ukikanyaga mafuta na kutoweka ukiachia mguu, kaulize jointi za shafti, hasa ile ya upande wa giaboksi. Kwenye Hilux na ndugu zake wanaosukumwa kwa nyuma, anaweza kuwa kwenye propela au krosi zake. Na kwa kuwa propela huzunguka mara kadhaa zaidi ya tairi, hapo huwa wa haraka na mwembamba, mvumo zaidi kuliko mtikisiko. Na ukisimamisha gari kabisa, ukapandisha mzunguko wa injini mpaka ule uliokuwa nao barabarani, naye akatokea vilevile, ziachie tairi huru, hazina kesi. Tazama mipira inayoibeba injini. Shahidi wa namna hii angepatikana kwenye kesi zetu za viwanja, mabaraza yangekuwa yanafungwa saa nne asubuhi.

Sisi tunamfanyia nini shahidi huyu? Tunaongeza sauti ya redio. Kisha tunampelekea gari fundi asiyeuliza swali, anayeinama, anatikisa kitu kimoja, anainuka na hukumu: shokapu. Zinanunuliwa. Mtetemo yupo. Basi boljointi. Zinanunuliwa, na Mtetemo yupo. Hatimaye tunapelekwa kwenye alaimenti, na hapa lazima nimtetee mteja wangu kwa ukali kidogo. Alaimenti ikiharibika, gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa kwa ndani au kwa nje. Kutetema si kazi yake. Kumtibu Mtetemo kwa alaimenti ni kumpa dawa ya macho anayeumwa jino. Yeye katika yote hayo hajahongeka hata mara moja: umemwaga fedha, umebadilisha spea za nusu gari, na kwenye 90 anakuja palepale, kwa ajili ya kipande cha risasi.

Unyenyekevu wake nao usipite bila kutajwa. Masika ikipiga, ukaingia shamba na kutoka, tope hujipakaza ndani ya rimu, upande wa nyuma usioonekana. Linakauka. Unaosha gari, kijana anang'arisha tairi kwa dawa mpaka zinawaka, lakini huko nyuma hakuna aliyepitisha brashi. Kesho yake, barabarani, mheshimiwa huyo. Na tope lisilojaa kiganja linatosha sana kumleta, ukikumbuka zile gramu 30. Ameridhika kuondoshwa kwa ndoo ya maji na kijiti. Wakubwa wangapi unawajua wanaoridhika na hivyo?

Kuna wanaomlinganisha na trafiki, na mimi naona anamshinda. Tochi ya trafiki ina udhaifu mmoja: madereva wa upande wa pili watakuwashia taa, utashuka mpaka 50, utapita ukitabasamu, na faini itamwangukia mwingine. Mtetemo hana wa kumsaliti. Yumo ndani ya gari. Ila kwa haki niseme, penye kibao cha 50 na watoto wakivuka kutoka shule, ndipo hayupo. Hilo namlaumu.

Sifa zikizidi sana humlevya msifiwa, basi niseme na upande wake wa ukali. Mtetemo wa risasi iliyochomoka ni wa miadi, una spidi yake na hauvuki mpaka. Akianza ghafla, akazidi siku hadi siku, akashuka mpaka umsikie kwenye 40 huku usukani ukiyumba kushoto na kulia, huyo si yule wa mzaha. Huenda nyuzi za ndani ya tairi zimeachana, na ukipitisha kiganja juu yake gari likiwa limesimama utakuta uvimbe. Au nati zimelegea, hasa kama umetoka kubadilisha tairi jana. Nati hukazwa kwa kuvukana, si kwa kufuatana, na baada ya kilomita 50 hadi 100 hukazwa tena. Hapo toka barabarani, simama, shuka. Radi hutanguliwa na umeme; tairi inayokwenda kupasuka haina adabu hiyo isipokuwa mheshimiwa akuombee. Kwa wanunuzi wa tairi za mtumba, ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2315 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayoifanya changa.

Basi ukifika gereji, usiseme "gari linatetema." Mwambie fundi linatetema kwenye spidi ngapi, unalisikia mikononi au kwenye kiti, na mguu wako wakati huo ulikuwa kwenye mafuta, kwenye breki, au haukuwa popote. Aanze kwa kusafisha rimu ndani na nje, kisha abalansi tairi zote nne. Akikataa kusikiliza na kukimbilia shokapu, chukua funguo zako uende kwa mwingine.