Atlanta kwa Macho ya Mnazi Mmoja: Tafsiri Tisa, Kuanzia ya Ovyo

Tamthilia ya Atlanta ya Donald Glover ilianza kuonyeshwa na FX Septemba 2016, ikafunga duka Novemba 2022 baada ya misimu minne. Kwa juu juu hadithi yenyewe ni nyepesi. Earn, kijana asiye na hela wala pa kulala pa uhakika, anamsimamia binamu yake Alfred, rapa anayejiita Paper Boi. Pembeni yupo Darius, yule jamaa ambaye kila kijiwe kina wake: haeleweki, lakini asipokuja siku hainogi.

Kisha mambo yanageuka. Linatokea gari lisiloonekana, linatokea jumba la giza lenye mtu mweupe kama chaki, anatokea Justin Bieber mweusi. Wachambuzi wa Marekani wakavaa miwani. Kijiwe cha kahawa cha pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja hakina miwani, kina kashata na drafti ya visoda, na kina bwana mdogo mmoja, fundi simu wa mtaa wa Aggrey, anayeleta vipande kwenye simu na kuvitafsiri papo hapo kwa mtindo wa Lufufu, yule mtafsiri wa filamu wa enzi za vibanda umiza. Maana yake ni kwamba anaongeza chumvi hadi mwigizaji mwenyewe angejishangaa. Nimezipanga tafsiri zao kutoka ya ovyo hadi ile iliyofunga mjadala. Anayepinga mpangilio aandike wake.

9. Mkate wa chokoleti

Sehemu ya kwanza kabisa: Earn yuko kwenye basi usiku na mtoto wake. Jamaa wa suti na tai ya kipepeo anapaka Nutella kwenye mkate, anamkazania aung'ate. Wasomi waliiona ile tai wakakimbilia Nation of Islam. Kijiwe kilisema: jini. Ushahidi? "Binadamu wa kawaida atakukazania chakula kwenye daladala?" Mwingine akarekebisha: au ni wale wanaolewesha abiria na kuwaibia. Hiyo siyo tafsiri, ni tangazo la usalama barabarani. Nafasi ya tisa inaitosha.

8. Kuku asiye na chumvi

Sehemu inayofungua msimu wa tatu, Three Slaps, ina mtoto mweusi anayechukuliwa na walezi wawili wazungu. Mkasa umechotwa kwenye msiba wa kweli, wa familia ya Hart mwaka 2018, na ni mzito kweli kweli. Lakini kuku alipoletwa mezani mweupe, hana chumvi wala limau, kijiwe kiliacha kusikiliza. Mabishano yakawa ya kuku mpaka mwisho. "Hapo ndipo ningetoroka," alisema mzee mmoja, na siamini kama alikuwa anatania.

7. Gari lisiloonekana

Kilabu kuna mwanamichezo tajiri anayesemwa kuwa ana gari lisiloonekana. Tunamcheka. Mwishoni anatimua mbio pale nje, ameketi hewani, watu wanarushwa huku na huku. Maelezo ya wasomi: utajiri wa mtu mweusi Marekani husikika zaidi ya unavyoonekana. Maelezo ya kijiwe: ungo, teknolojia ambayo sisi tunayo tangu enzi za mababu, isipokuwa leseni zake zinatolewa usiku. Kisha mpiga debe aliyestaafu akamaliza kazi: "Gari lisiloonekana mnalitafuta Marekani? Nendeni kituoni saa kumi na mbili jioni mkasubiri la Mbagala."

6. "Kwa hiyo yote ilikuwa ndoto?"

Sehemu ya mwisho inamwacha Darius hajui kama ameamka au bado yumo kwenye lile tangi la maji anamoingia kutuliza akili. Mtandaoni watu walinuna kama waliodhulumiwa. Kijiweni aliyenuna ni fundi simu peke yake, maana aliahidi mwisho mtamu. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili alimtuliza: kama umeisoma Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990, na Mzingile iliyofuata 1991, huna haki ya kumdai mtu mwisho unaoeleweka. Na kabla yao Shaaban Robert alishatupa nyani wanaochapwa viboko usiku, kumbe ni ndugu wa damu wa anayewachapa, na tukafanyia mtihani bila kulia. Msomaji wa Kiswahili alizoeshwa njozi tangu shuleni, akaambiwa ajaze nafasi zilizoachwa wazi.

5. Bieber mweusi

Hapa ndipo kijiwe kiligawanyika kama Simba na Yanga. Justin Bieber anatokea kwenye mechi ya hisani ya kikapu, ni kijana mweusi, na hakuna mtu hata mmoja anayeshtuka. Anafanya utovu wa adabu wa kila aina, anasamehewa. Alfred akikohoa tu anakuwa jambazi, na mwandishi wa habari anamweleza wazi kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kuwa mtu mbaya.

Upande mmoja ulisema ni fumbo: badilisha ngozi, bakiza tabia, uone nani anasamehewa. Upande wa pili, ukiongozwa na dereva wa bajaji, ulisema hakuna fumbo lolote. Kila mji una mtoto wa mkubwa anayevunja kioo na kioo ndicho kinachoomba radhi. Mimi nasimama na bajaji. Glover amebadilisha kitu kimoja tu kwenye picha, vingine vyote ameviacha vilivyo, na ndiyo maana inauma. Wanaoiita ndoto wanajipa likizo.

4. Deni

The Big Payback, mwaka 2022. Mzungu wa kawaida, hana baya na mtu, anafuatwa nyumbani hadi kazini na mwanamke mweusi anayemdai kwa sababu babu zake waliwamiliki babu za mama huyo. Fundi simu hakuhitaji kuongeza chumvi. Ndani ya nusu kikombe kila mtu amekuwa mhasibu.

Wa kwanza kudaiwa alikuwa Mjerumani. Mzee wa Lindi alianza na dinosa wa Tendaguru, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini. Leo amesimama makumbusho ya Berlin, urefu wake unazidi mita 13, na wanaomwona hulipa kiingilio. "Tuwapigie hesabu ya kodi ya pango," alisema, "mgeni wetu kakaa kwao zaidi ya miaka mia." Mngoni aliyekuwepo akakumbusha kwamba Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa yaliyofanyika Vita vya Majimaji. Mzaramo mmoja, mtani wake wa kujitolea, akauliza kama msamaha unapokelewa kwa simu au lazima uende benki.

Mpaka hapo raha mustarehe. Kisha mwuza vitenge, mtu wa pwani hasa, akauliza: na upande wa pili wa daftari? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Waliokuwa wakiuza, waliokuwa wakinunua, waliokuwa wakifanya udalali, wajukuu zao wako wapi? Wengine si wako hapa hapa, wanakunywa kahawa? Kwenye tamthilia yule mzungu anadhani jambo ni la watu wengine mpaka linapogonga mlango wake. Kijiwe nacho kiligongewa. Muuza kahawa akaona mambo yanakuwa mazito, akaongeza tangawizi na kudai vikombe vya awali, kwa kuwa ilikuwa siku ya madeni.

3. Yaya

Ningeweza kuiweka ya kwanza hii. Trini 2 De Bone: yaya wa Kitrinidad, Sylvia, anafariki. Wazazi wazungu aliowalelea mtoto wanaamua kumpeleka mtoto msibani, na huko wanagundua kwamba hawakumjua yule mama, wala mtoto wao hawamjui sawasawa, maana Trinidad imeshamwingia. Katikati ya ibada binti wa marehemu anapasuka kwa hasira: mama yake alitumia maisha kulea watoto wa wengine.

Wachambuzi waliandika mengi kuhusu kifurushi kinachorudi rudi mlangoni, kina maana gani. Mama ntilie wa pale, ambaye kwa kawaida huwa anapita tu kukusanya sahani, alisimama na bakuli la maharage mkononi. Alikuwa dada wa kazi Upanga kabla hajapata meza yake.

"Hiyo siyo ndoto," alisema. "Hiyo ni Upanga."

Kisha akaeleza bila kuketi. Mtoto wa watu anamjua kwa harufu, anakataa kula mpaka aje yeye, anaongea Kiswahili cha Singida wakati wazazi wake hawajawahi kufika Singida. Wa kwake mwenyewe yuko kwa bibi, anaongea naye kwa simu Jumapili, na simu ikikatika mtoto anafurahi kurudi kucheza. Bwana mdogo alijaribu kutafsiri kipande cha binti anayelia, mama akamwambia aache, ameelewa.

Halafu akatudai sahani. Hakuna aliyetania hapo, na watani wa kijiwe hiki hutania hata kwenye tanga.

2. Teddy Perkins

Aprili 2018, sehemu nzima imerushwa bila tangazo hata moja. Darius anakwenda kuchukua piano ya bure. Anayempokea, Teddy, ni mtu mweusi aliyegeuka mweupe pe, sauti ya kunong'ona, anakula yai la mbuni. Ndani ya vipodozi vile ni Glover mwenyewe. Kilichowatisha zaidi watazamaji wetu ni yai. Tuliyamaliza ya yai kwanza.

Kisha dada anayeuza vipodozi Kariakoo alisimamisha video, akasogeza simu karibu. "Tazameni mikono," alisema. Yeye hatazami uso, anasema uso unadanganya. Mteja wa mkorogo utamjua kwenye vifundo vya vidole, vinabaki vyeusi hata shingo ikiwa rangi ya papai. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na mtu akivitaka hakosi pa kuvipata. Kwa dada huyu Teddy hakuwa ishara ya chochote. Alikuwa mteja aliyezidisha dozi.

Wengine wakaona Michael Jackson, baba mkali na yote yale. Hapo wazee wakapata yao. Februari 1992 Michael alitembelea Afrika, Dar es Salaam ikiwemo, na habari iliyosafiri kuliko zote ilikuwa kwamba anashika pua. Ikatafsiriwa mara moja: anatuona tunanuka, kaukana weusi. Watu wake walisema ni mazoea tu. "Alikuwa anaishikilia isidondoke," mzee mmoja alitoa utani wa mwaka ule ule, ambao naamini hajawahi kuubadilisha.

Ila mwaka uliofuata, 1993, Michael alimweleza Oprah Winfrey mbele ya dunia nzima kwamba ana maradhi ya ngozi, mbalanga. Dada wa vipodozi akauliza: kwa hiyo mlimsoma vibaya? "Tulimsoma nusu," mzee akakiri. Naipenda tafsiri hii kuliko insha zote nilizoona kuhusu Teddy. Dada aliona dawa, wazee waliona majivuno, na Glover anawaonyesha wote wawili mtu aliyeumizwa ambaye bado anamtetea baba aliyemuumiza.

1. Kiwanja chenyewe

Ushindi umekwenda kwa mzee wa drafti, ambaye hakuwahi kutazama simu. Fundi alipomwuliza anaonaje, alisogeza kisoda, akala viwili, akaonyesha kwa kidevu. Huku Kariakoo. Kule Uhindini. "Unadhani hapa katikati pameachwa wazi ili nyie mnywe kahawa?"

Wajerumani walianza kuupanga mji kwa kanuni za ujenzi za mwaka 1891. Waingereza wakakamilisha miaka ya 1920. Kanda ya kwanza ya Wazungu, ya pili ya biashara ambako Wahindi walikaa, ya tatu ya Waafrika, ndiyo Kariakoo, iliyopata jina kwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya ya pili na ya tatu wakasafisha ardhi, wakaacha uwazi ili watu wasichanganyike, na afya ikatajwa kama sababu. Hapa ndipo Glover angepiga makofi: kwenye karatasi kanuni hazikuhukumu ngozi, zilihukumu nyumba. Bati na mawe huku, udongo na makuti kule. Kila mtu alijua makuti ni nani. Hakuna aliyeshtuka, kama kwenye ile mechi ya Bieber.

Na mwandishi gani wa tamthilia angethubutu kuandika kilichofuata? Julai 7, 1954, hatua chache kutoka hapa, mtaa wa New Street ambao sasa ni Lumumba, ikazaliwa TANU. Chama kilihitaji mahali peupe pa kuita umma. Mkoloni alikuwa ameshapafyeka. Nyerere akahutubia kwenye uwazi uliotengwa ili watu wa aina yake wasivuke.

Nimesoma watu wakisema Atlanta inahitaji ufunguo. Kijiwe kinakataa, na mimi nakubaliana nacho. Inahitaji mtu anayejua historia ya anapokaa. Ukitaka kuitazama, anza msimu wa kwanza, usiruke sehemu iitwayo B.A.N., ambayo uongozaji wake ulimpa Glover tuzo ya Emmy mwaka 2017, na Teddy Perkins mtazame mchana. Ukipata tafsiri ya kumi, kijiwe kipo baada ya Alasiri. Kahawa unajilipia.