Kompyuta Mpya Ikigoma Kuwaka: Aanze Kulaumiwa Nani?

Saa nne usiku. Skurubu ya mwisho umeikaza, kioo cha ubavuni umekipangusa kwa kanga ya mama watoto, maboksi yamejaa sebule nzima, na simu iko tayari kupiga picha ya kurusha kwenye kundi la ukoo. Unabonyeza kitufe. Kimya. Unabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, maana pengine hakikusikia. Bado kimya.

Mwongozo huu ni wako. Nao umefuata utaratibu ambao sisi waungaji wa kompyuta tunaufuata kweli, si ule tunaowasimulia watu baadaye.

Anza kwa kutafuta wa kumlaumu, na ufanye haraka kabla hujaanza kujishuku mwenyewe. Mwenye duka anafaa, kwa sababu alikufungia pawa saplai huku macho yake yako kwenye mpira. Umeme unafaa, kwani jioni ulikatika mara mbili. Jirani anafaa pia. Aliyaona maboksi yakishushwa kwenye bajaji, na inajulikana ana jicho. Ukikosa kabisa, walaumu wadudu. Hao wana ushahidi: tarehe 9 Septemba 1947, watu wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo (yule mdudu, si ya kujengea) amenasa kwenye rilei, wakambandika kwenye daftari la kazi kama kielelezo. Kompyuta yako haina rilei za namna ile, lakini saa nne usiku nani atakuuliza?

Lawama zikikuishia, peleka mkono nyuma ya kasha. Kwenye pawa saplai kuna swichi ndogo yenye alama mbili, mstari na duara. Duara maana yake imezimwa. Najua, wewe si mtoto. Hata mimi si mtoto. Kompyuta ya kwanza niliyoiunga mwenyewe ilinikalisha sakafuni saa nzima, nimeshachomoa kila kinachochomoka, ndipo nikampigia fundi mmoja ninayemheshimu. Akaniuliza kwa upole, “Kaka, swichi ya nyuma umeiwasha?” Nikamjibu kwa ukali, “We vipi? Unanionaje?” huku mkono ukitambaa taratibu nyuma ya kasha. Ta! Nikabonyeza kitufe cha mbele, feni zikaanza kuvuma. “Naona imewaka yenyewe,” nikamwambia. “Itakuwa ekstensheni.” Akasema, “Eeh, ekstensheni za siku hizi,” na wote wawili tukasitiriana.

Kama pawa saplai ni ya mtumba, angalia vilevile kijiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Si zote zinacho. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukikiacha kwenye 115 hutahitaji mwongozo tena, jibu litakuja kwa mlio na harufu.

Tuseme sasa feni zinazunguka, taa za kasha zinawaka rangi zote za duka la kanga, ila skrini ni nyeusi. Hapa ndipo mtu hutangaza kwamba prosesa imeungua. Prosesa mpya huungua kwa nadra sana, lakini tangazo lina heshima yake: linaonyesha kwamba jambo limezidi uwezo wa binadamu. Kabla hujalitoa, tazama kebo ya skrini umeichomeka wapi. Kadi ya grafiki umeinunua kwa fedha za mchezo wa miezi sita, halafu kebo ukaichomeka kwenye tundu la mazabodi. Kadi itabaki inakutazama kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Na kama prosesa yako ni Intel yenye herufi F mwishoni, mathalani i5-12400F, lile tundu la mazabodi ni pambo tu, kwa kuwa prosesa hizo hazina grafiki ya kutumia. Ryzen 5 5600 nayo ni hivyohivyo.

Halafu ramu. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo tunapodanganya zaidi. Kila mtu huapa kwamba ramu ameichomeka vizuri. Ukweli ni kwamba ameichomeka kwa adabu, kama anayemkabidhi baba mkwe bahasha, kwa kuogopa kuvunja mazabodi. Ramu haitaki adabu hiyo. Iweke sawa na tundu lake, kisha ikandamize huku na huku mpaka kishikizo kijifunge chenyewe na moyo wako uruke. Zikiwa mbili kwenye matundu manne, mahali pake kwa mazabodi nyingi ni tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, si yale mawili uliyoyachagua kwa sababu yanapendeza. Ikikataa katakata kuingia, usitafute nyundo: DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo lake halikai mahali pamoja, na waliolisogeza walituwaza sisi. Bado giza? Bakiza ramu moja, jaribu, kisha weka nyingine. Mafundi watakwambia usugue mistari yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Kwa ramu ya mtumba iliyoshika uchafu, dawa hiyo imeponya nyingi. Kwa ramu uliyoitoa kwenye plastiki leo jioni, unamwosha bata.

Na kuna suala la subira, ambalo halijaandikwa kwenye boksi lolote. Mazabodi za DDR5, hasa zikiwashwa mara ya kwanza, hutulia kwanza zikiipima ramu, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza muda wote. Mwenye kompyuta hungoja sekunde 30, akazima. Akawasha, akangoja 40, akazima. Kila akizima, mazabodi inaanza hesabu upya. Nenda kachemshe chai, tena ya jiko la mkaa, siyo ya birika la umeme.

Umerudi, bado giza. Kagua pembe ya juu ya mazabodi, kule ambako vidole havifiki: kuna tundu la pini nane la umeme wa prosesa. Ile plagi pana ya pini 24 kila mtu huikumbuka. Hii ya kichochoroni ndiyo husahaulika, na bila yake feni zitazunguka hadi alfajiri bila faida. Hapo niweke mzaha pembeni kidogo: kama pawa saplai yako ni ya kebo za kuchomoa, usiiazimie kebo za pawa saplai nyingine. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa, lakini mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai hauna kanuni moja, na volti 12 zikipita pasipo pake zinaondoka na diski zako.

Mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Kinachobaki kinawaka ndicho kinachokutajia mgonjwa. Maelezo yako kwenye kijitabu, kijitabu kiko kwenye boksi, na boksi limeshaegemeza gunia la mchele.

Ikibidi, toa kila kitu nje, uitandaze mazabodi juu ya boksi lake la karatasi: prosesa na feni yake, ramu moja, pawa saplai, na kadi ya grafiki kama prosesa haina yake. Zile pini mbili za mazabodi zinazopokea waya wa kitufe cha kuwashia ziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi, kwa sekunde moja tu. Ikiwaka hapo, mchawi ni kasha: mara nyingi kijiguu cha shaba kimebaki pasipo na tundu la skurubu, kikawa kinagusa mgongo wa mazabodi. Isipowaka, vua prosesa, umulike soketi kwa tochi ya simu. Soketi ya LGA 1700 ina pini 1,700, na moja ikilala utaikumbuka ile karatasi ya dukani, “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Pini zikiwa salama, uliza umri wa bayosi. Mazabodi za B450 zilitoka mwaka 2018, Ryzen 5000 zikaja 2020. Iliyokaa rafuni bila kusasishwa haimjui huyo mgeni unayemwingiza ndani.

Basi siku moja, bila wewe kujua hasa ni kipi ulichogusa, skrini inawaka. Maandishi meupe yanakwambia hakuna diski ya kuwashia. Ni kweli: diski ni tupu, hujaweka Windows. Ili kuiweka inatakiwa flashi, flashi inatakiwa iandaliwe kwenye kompyuta nyingine, na ile ya zamani uliiuza ili ununue hii.

Simu inaita. Ni fundi.

“Vipi kaka, imewaka?”

“Imewaka.”

“Na Windows umeshaweka?”

“We vipi? Unanionaje?” unamjibu, huku ukivaa ndala kwenda kumgongea jirani, yule mwenye jicho, maana yeye ana laptopu.